KAZI NA AFYA: NAFASI YA AJIRA KATIKA USTAWI WA MTU NA JAMII

UTANGULIZI

Shukrani zote tunazielekeza kwa Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetujaalia uhai, akili na viungo vya kufanyia kazi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapenzi, katika jarida la mwaka huu tumeona ni vyema tuzungumzie jambo linalogusa kila nyumba, nalo ni kazi. Wanafunzi wetu wa madarasa ya juu wanakaribia kumaliza masomo, na kila mmoja anajiuliza ataajiriwa wapi. Wengi wao wana kaka waliomaliza zamani, na hadi leo wanashinda barazani kutoka asubuhi hadi magharibi. Wengine wana wazazi ambao kazi wanayo, lakini hurudi usiku wamechoka hata kula hawawezi.

Katika mitaa yetu kuna maneno mawili yanayosemwa sana. Kijana asiye na kazi huambiwa ni mvivu. Mfanyakazi anayelalamika kuumwa huambiwa anadeka. Somo hili linakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo mawili mara nyingi si ya haki, na kwamba kukosa kazi, na vilevile kuwa na kazi mbaya, ni mambo yanayoingia mwilini mwa mtu kama yaingiavyo maradhi mengine.

1. KAZI KATIKA MAFUNDISHO YA UISLAMU

Uislamu haukumtaka mtu akae msikitini mchana kutwa akisubiri riziki imshukie. Katika Suratul Jumu'a, mara baada ya kuamrishwa kuacha biashara na kwenda kwenye Swala, Waislamu wanaelekezwa kwamba Swala ikishakwisha warudi kwenye shughuli zao na waitafute riziki, huku wakimkumbuka Mola wao. Nabii Dawud (A.S.) alikuwa mfalme, lakini Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa alikula kutokana na kazi ya mikono yake. Na katika Hadithi nyingine mashuhuri tunafundishwa kwamba mtu kuchukua kamba yake akaenda kukata kuni na kuziuza ni bora kwake kuliko kuwaomba watu, wakimpa au wakimnyima.

Mfano ulio mzuri zaidi ni wa Sahaba Abdurrahman bin Auf (R.A.). Alipohamia Madina alikuwa hana kitu. Saad bin Rabii (R.A.), aliyeunganishwa naye udugu, alimtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea dua ya baraka, kisha akaomba jambo moja tu: aonyeshwe soko liko wapi. Akaanza kwa kuuza samli na jibini, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Madina.

Tuzingatie hapa jambo moja. Abdurrahman (R.A.) hakukataa msaada kwa kiburi. Alijua kuwa chakula cha leo anaweza kupewa na ndugu yake, lakini heshima ya kusimama kwa miguu yake hawezi kupewa na mtu. Jambo hili wataalamu wa zama zetu wamelithibitisha kwa utafiti, kama tutakavyoona.

2. KIJIJI KILICHOPOTEZA KAZI

Karibu na mji wa Vienna, katika nchi ya Austria, kipo kijiji kiitwacho Marienthal. Kijiji hicho kilijengwa kuzunguka kiwanda cha nyuzi na nguo, na karibu kila familia ilikula kutokana na kiwanda hicho. Kati ya mwaka 1929 na 1930, wakati uchumi wa dunia ulipoanguka, kiwanda kilifungwa. Karibu familia tatu kati ya kila nne zikabaki hazina hata mtu mmoja mwenye kazi ya kudumu.

Mwaka 1931 na 1932 watafiti wakiongozwa na Paul Lazarsfeld, Marie Jahoda na Hans Zeisel walikwenda kuishi na kuchunguza hapo. Walitaka kujua: mtu akiacha kazi si kwa kupenda, akawa na saa zote za siku mikononi mwake, atazitumia vipi? Wengi wakati ule walidhani watu hao watakuwa wakali na wataleta ghasia. Wengine walidhani watajisomea na kujiendeleza, maana sasa wana nafasi. Hali haikuwa hivyo.

Kwanza, watu waliacha kusoma. Kijiji kilikuwa na maktaba, na hata ada ya kuazima vitabu iliondolewa. Pamoja na hayo, idadi ya vitabu vilivyoazimwa ilishuka karibu kwa nusu. Bustani ya kijiji, ambayo zamani ilitunzwa vizuri, iliachwa ikaota magugu, ingawa mikono ya kuipalilia ilikuwepo.

Pili, wanaume walipoteza hesabu ya wakati. Watafiti walipima mwendo wa watu katika barabara kuu, wakakuta wanaume wasio na kazi wanatembea polepole na kusimama mara kwa mara bila sababu. Wengi waliacha kuvaa saa. Walipoulizwa jana walifanya nini, hawakukumbuka zaidi ya kuamka, kula na kulala. Wanawake hali yao ilikuwa tofauti kidogo, kwa sababu kazi za nyumbani na malezi hazikusimama. Waliendelea kuwa na ratiba, na mwendo wao ulikuwa wa haraka.

Tatu, udugu ulilegea. Vyama vya kijiji vilipoteza wanachama. Barua za kuchongeana kwa wakuu, kwamba fulani anafanya kazi kwa siri huku anapokea fidia, ziliongezeka, na nyingi zilipochunguzwa hazikuwa na ukweli.

Nne, watoto waliumia. Walimu waliona kuwa siku moja kabla ya malipo ya fidia watoto wengi walikuja shuleni na mkate mtupu au bila chochote. Na afya ya watoto ilipopimwa, watoto ambao wazazi wao walikuwa na kazi walikuwa na hali nzuri kuliko wenzao.

Ndugu msomaji, watu hawa hawakuwa wavivu. Ni walewale waliokuwa wakiamka alfajiri kwenda kiwandani miaka michache iliyopita. Kilichobadilika ni kwamba mlango wa kazi ulifungwa. Hivyo basi, tunapomwona kijana amejiinamia barazani, tusiharakishe kusema kuwa uvivu ndio uliomkosesha kazi. Huenda kukosa kazi ndiko kulikomfanya aonekane mvivu.

3. MAMBO MATANO YANAYOLETWA NA KAZI

Marie Jahoda aliendelea kulifikiria suala hili kwa miaka mingi. Alieleza kuwa, mbali na mshahara, kazi humpa mtu mambo matano:

(a) Mpango wa siku. Anajua aamke saa ngapi na apumzike saa ngapi.
(b) Kukutana na watu walio nje ya familia yake.
(c) Lengo la pamoja. Anaona kuwa anachofanya ni sehemu ya kazi kubwa ya watu wengi.
(d) Nafasi na heshima mbele ya watu. Akiulizwa yeye ni nani, ana la kujibu.
(e) Shughuli ya kila siku inayoutumikisha mwili na akili.

Mtu akikosa haya kwa muda mrefu, maradhi humfuata. Imethibitika katika nchi nyingi kuwa wasio na kazi huugua zaidi maradhi ya huzuni na wasiwasi, na hatari ya kufa mapema kwao ni kubwa kuliko kwa wenzao wenye kazi. Katika mwambao wetu tunajua pia mlango wa sigara, bangi na unga hufunguka zaidi pale ambapo siku haina mwanzo wala mwisho.

Muislamu anayeshika dini yake anayo sehemu ya dawa hii. Swala tano zinampangia siku hata kama hana mwajiri. Jamaa inamkutanisha na watu. Lakini tusijidanganye kuwa hiyo inatosha, kwa maana anayerudi nyumbani kutoka msikitini bado anawakuta watoto wanasubiri chakula. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akiomba kinga kwa Mwenyezi Mungu kutokana na huzuni, udhaifu, uvivu na mzigo wa madeni. Mambo haya yalikusanywa katika dua moja, na anayeyajua maisha ya asiye na kazi ataona namna yanavyofuatana.

4. KAZI NAYO INAWEZA KUUA

Upande wa pili wa somo ni huu: si kila kazi ni afya. Mwaka 1700 tabibu wa Kitaliano, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu kuhusu maradhi ya mafundi na wafanyakazi. Aliwaasa matabibu wenzake kuwa, wanapomhoji mgonjwa, waongeze swali moja: kazi yako ni ipi? Swali hilo bado lina faida kubwa hata leo.

Tuangalie kwetu. Mchumaji wa karafuu wa Pemba hupanda mti mrefu, na tawi likikatika huanguka akavunjika mgongo. Mama anayelima mwani hushinda ameinama ndani ya maji ya chumvi, jua likimchoma mgongoni na mwangaza wa maji ukimuumiza macho. Mpasua mawe huvuta vumbi linaloharibu mapafu pole pole, na mapafu yaliyoharibika kwa vumbi la mawe hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Mchimbaji mdogo wa dhahabu huchoma zebaki, na moshi wake hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, wake na wa watoto wanaokaa karibu. Hamali hubeba magunia hadi uti wa mgongo unachoka kabla ya umri wake.

Yapo pia madhara yasiyoonekana kwa macho. La kwanza ni saa nyingi za kazi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitangaza hesabu yao kwamba katika mwaka 2016 pekee watu wapatao 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Ikilinganishwa na mtu anayefanya kazi saa 35 hadi 40, hatari ya kupata kiharusi huongezeka kwa asilimia 35. Wajapani wameona vifo vya namna hii kwa wingi hata wakavipa jina lake maalumu, karoshi, yaani kufa kwa kazi nyingi.

La pili ni kukosa kauli. Kuanzia mwaka 1967 watafiti walifuatilia afya ya watumishi wa serikali wapatao 18,000 mjini London. Wote walikuwa na ajira ya kudumu, na hakuna aliyekuwa na njaa. Lakini walikuta kwamba wa vyeo vya chini walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko wakubwa wao. Sigara na presha zilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 chini ya Profesa Michael Marmot, ulionyesha kuwa mtu anayetakiwa kutii tu, asiye na kauli yoyote juu ya kazi yake, moyo wake huwa hatarini zaidi.

Sababu yake inafahamika. Mtu akiwa na hofu, mwili wake hutoa homoni zinazoongeza mapigo ya moyo, presha na sukari katika damu. Hali hiyo ikiwa ya dakika chache ni msaada, maana ndiyo inayomwezesha kukimbia hatari. Ikiwa ya kila siku kwa miaka, kwa sababu bosi anatukana au mshahara haujulikani utatoka lini, mishipa ya damu huharibika. Ndiyo maana tumesema hapo mwanzo kuwa anayelalamika si lazima awe anadeka.

5. HAKI ZA MFANYAKAZI

Tunafundishwa katika Hadithi mashuhuri kwamba mwajiriwa alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika Hadithi aliyoipokea Abu Dharr (R.A.) tunafundishwa kwamba wale wanaotutumikia ni ndugu zetu. Tuwalishe tunachokula, tuwavishe tunachovaa, tusiwabebeshe wasiyoyaweza, na tukiwapa kazi nzito basi tuwasaidie. Vilevile Mtume (S.A.W.) alithibitisha kuwa mwili una haki yake juu ya mtu. Na katika Suratun Nabaa tunaelezwa kuwa mchana umewekwa kwa maisha na usingizi umewekwa kwa mapumziko. Anayemnyima mtumishi wake usingizi anamnyima kitu alichopewa na Mola wake.

Sheria za nchi nazo zimeweka mipaka. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, likizo ya uzazi ya siku 84, na inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Ipo pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 kwa anayeumia au kuugua kutokana na kazi. Zanzibar ina Sheria ya Ajira yake ya mwaka 2005, na Kenya ilitunga sheria ya fidia kwa walioumia kazini mwaka 2007.

Hapa tunapenda kusema kwa uwazi. Wengi wetu tukisikia neno "mwajiri" tunafikiria kampuni na matajiri. Lakini kila nyumba yenye dada wa kazi ni mahali pa ajira, na baba na mama wa nyumba hiyo ni waajiri. Msichana huyo huamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Je, saa zake za wiki ni ngapi? Mshahara wake unalipwa tarehe, au mpaka akumbushe? Akiumwa, anapelekwa hospitali au anarudishwa kwao? Anakula nasi au anakula ukoko? Na watoto wetu wanaotoka madrasa wamehifadhi sura na Hadithi, wanamwita kwa jina lake au wanamwita kwa kelele? Somo la haki za mfanyakazi linaanzia jikoni kwetu.

6. AJIRA NA USTAWI WA JAMII

Mwanachuoni Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika Muqaddima yake mwaka 1377. Humo ameeleza kuwa chumo la watu hutokana na kazi zao, na kwamba miongoni mwa dhulma zinazoharibu mji haraka ni kuwatumikisha watu kazi bila ya malipo ya haki. Watu wakidhulumiwa jasho lao, hukata tamaa, huacha kufanya kazi, na mji wote hudhoofika. Wala hautabaki salama upande wa aliyedhulumu, kwani naye anaishi katika mji huohuo.

Wazee wa Tanga wanaijua habari hii kwa namna yao. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kisha nyuzi za plastiki zikashika soko la dunia, mashamba yakakosa usimamizi mzuri, na hadi kufika mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki sehemu ndogo tu ya ule wa zamani. Mashamba hayo hayakuwa peponi, kwani kazi ya kukata mkonge ni ngumu na ujira ulikuwa mdogo. Hata hivyo shamba likifungwa, aliyekosa si mkataji peke yake. Muuza duka alikosa wateja, fundi cherehani alikosa nguo za kushona, na mwalimu wa madrasa alikosa ada. Mshahara wa mtu mmoja hupita mikono mingi.

7. TUFANYE NINI?

Kwanza, wanafunzi. Jifunzeni elimu pamoja na ujuzi wa mkono. Binti wa mzee wa Madyan alimsifu Nabii Musa (A.S.) kwa baba yake kwa sifa mbili za mtu wa kuajiriwa, nguvu na uaminifu. Cheti huonyesha uwezo, lakini uaminifu huonekana kwa kufika kwa wakati na kutogusa kisicho chako. Wala msidharau kazi ya halali kwa sababu ina vumbi.

Pili, asiye na kazi ajipangie siku. Aamke kwa Alfajiri na asirudi kulala, ajifunze jambo, ajitolee msikitini au kwa fundi, na asijitenge na watu. Haya hayachukui nafasi ya mshahara, ila yanamlinda asivunjike kabla mlango haujafunguka.

Tatu, wazazi. Kijana aliyekosa kazi asisimangwe kila sahani inapotengwa. Shaurianeni naye kama mtu mzima, na mkiweza mchangieni mtaji mdogo au ada ya ufundi. Mkiona amebadilika, halali usiku, hali, hasemi na mtu, mpelekeni kwa daktari pamoja na kumwombea dua. Kwenda hospitali si kukosa imani.

Nne, waajiri na wafanyakazi. Mwajiri alipe kwa wakati, aweke mapatano kwa maandishi, na atoe vifaa vya kujikinga. Mfanyakazi naye avitumie vifaa hivyo na azitimize saa zake kwa uaminifu, kwani kuchelewa na kutoroka ni kula ujira ambao hakuufanyia kazi.

HITIMISHO

Tumeona kuwa kazi ya halali na yenye heshima ni ngao ya afya, kwamba kukosa kazi huudhoofisha mwili na udugu, na kwamba kazi ya dhulma huua taratibu. Wahenga wamesema mkono mtupu haulambwi. Nasi tunaongeza kuwa mkono uliochoka usipigwe. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atufungulie milango ya riziki ya halali, awaponye waliougua kwa sababu ya kazi, na atujaalie tuwe waadilifu kwa wale walio chini yetu. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini Abdurrahman bin Auf (R.A.) aliomba kuonyeshwa soko.
2. Taja mambo mawili yaliyobadilika Marienthal baada ya kiwanda kufungwa, na ueleze kwa nini hayathibitishi uvivu.
3. Orodhesha mambo matano ambayo kazi humpa mtu mbali na mshahara. Swala ya jamaa inasaidia katika yapi?
4. Waulize watu watatu wa mtaani kwako wanafanya kazi gani na inawaumiza wapi. Waandikie njia moja ya kujikinga.
5. Ukiwa na wazazi wako, hesabuni saa ambazo msaidizi wa nyumbani kwenu, au kwa jirani, hufanya kazi kwa wiki. Je, zinazidi 45? Mtapunguza nini?

Wabillahi Tawfiq.